Mabata wa Jipe na Majina ya Kuazima

Ziwa Jipe halina sifa kubwa. Kwenye ramani ya Afrika Mashariki ni alama ndogo ya buluu chini ya milima ya Pare Kaskazini, si mbali na Kilimanjaro, na watalii wengi wanaokwenda Tsavo hulipita bila kujua kwamba wamelipita. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 30, na kina chake ni mita chache tu. Mto Lumi huliletea maji kutoka Kilimanjaro. Mto Ruvu huyatoa na kuyapeleka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huyafikisha baharini. Upande mmoja wa ziwa ni wilaya ya Mwanga, Tanzania. Upande wa pili ni Taveta, Kenya, pamoja na hifadhi ya Tsavo Magharibi.

Kwa mtu anayependa ndege, ziwa hili ni hazina. Ukitembea kando yake asubuhi na mapema, ukiwa na mwenyeji anayejua viboko wanapandia wapi, unaweza kukutana na aina tatu za mabata wa porini ambao vitabu vya Kiingereza huwapa jina la bata bukini. Wa kwanza yuko nchi kavu, anakula majani kama mbuzi. Wa pili yuko kwenye tope, pale nyasi na maji vinapogombea mpaka. Wa tatu yuko ndani ya ziwa, katikati ya mayungiyungi, na usipotulia unaweza kumdhania ni ua.

Majina yao yanashangaza. Wa kwanza anaitwa wa Misri. Wa pili, katika orodha ya wanasayansi, ni wa Gambia. Na neno bukini, ambalo Kiswahili hulitumia kwa bata mkubwa wa kufugwa na wafasiri hulibandika kwa wote watatu, ni jina la kale la kisiwa cha Madagaska. Hakuna jina hata moja linalotaja Jipe, wala Pare, wala Taveta, wala Kilimanjaro. Isitoshe, ukiwauliza wanabiolojia watakwambia kwamba kati ya hawa watatu hakuna bata bukini hata mmoja.

Ungeweza kucheka na kuendelea na matembezi. Majina ya ndege yana hadithi zake, na wengi wetu tumezoea kuishi kati ya majina tuliyopewa na wapita njia. Lakini kwa mmoja wa ndege hawa, suala la jina na asili limefika mahali pa kuamua nani aachwe hai na nani apigwe risasi. Kwa hiyo inafaa tutembee polepole, ndege mmoja baada ya mwingine, tuone kila jina lilitokea wapi.

Tuanze na wa nchi kavu. Bata wa Misri ana rangi ya kahawia iliyopauka, miguu ya waridi, na duara jeusijeusi kuzunguka kila jicho, kana kwamba hakulala usiku. Akiruka, bawa lake hufunua baka kubwa jeupe. Huishi wawiliwawili, dume na jike, na wakishapata eneo lao hulilinda kwa ugomvi ambao ziwa zima huusikia. Jike hupiga kelele kali za mfululizo. Dume hutoa mkwaruzo, kama mtu aliyepoteza sauti kwenye harusi ya jana. Hutaga popote panapowafaa: chini ya kichaka, kwenye tundu la mti, hata kwenye kiota kikuukuu cha ndege mwingine.

Makao yake ni karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, penye mto au ziwa. Misri yenyewe, siku hizi hupatikana hasa kusini, upande wa Aswan. Ndege huyu ni wa Misri kwa kiasi kilekile ambacho Mto Nile ni wa Misri: anafika huko, lakini sehemu kubwa ya maisha yake iko kwingine.

Sababu ya jina ni kwamba huko ndiko watu wa Ulaya walikomkuta kwanza katika kumbukumbu. Wamisri wa kale walimchora na kumchonga, na walimhusisha na mungu wao Amun. Ila hata hapo pana mzaha wa historia. Mchoro maarufu kuliko yote ya mabata katika sanaa ya Misri ni ule wa Meidum, uliopatikana mwaka 1871 kwenye kaburi la Nefermaat na mkewe Itet, na ambao umri wake hukadiriwa kuwa zaidi ya miaka 4,500. Sasa umehifadhiwa kwenye makumbusho ya Cairo. Unaonyesha mabata sita, watatu wakielekea kushoto na watatu kulia, wamechorwa kwa uangalifu hadi manyoya ya shingo. Hakuna hata mmoja kati yao aliye bata wa Misri. Wanaotambulika vizuri ni mabata bukini wa kaskazini, jamii inayozaliana kwenye nchi za baridi na kushuka kusini wakati wa kipupwe. Basi Wamisri walioacha picha mashuhuri ya bata bukini walichora wageni, na ndege aliyebeba jina la nchi yao hakuwemo.

Aliyeandika jina rasmi ni Carl Linnaeus, msomi wa Sweden aliyejitwika kazi ya kuvipa viumbe vyote majina ya Kilatini. Mwaka 1766, katika toleo la 12 la kitabu chake kikuu, alimwandika huyu kuwa wa Misri. Katika toleo hilohilo alimwandika yule wa topeni kuwa wa Gambia. Linnaeus hakuwahi kukanyaga Afrika. Alifanya kazi kwa vitabu vya wengine, kwa michoro, na kwa ndege waliofika Ulaya wakiwa wamekaushwa au wakiwa hai kwenye matundu.

Waliofika wakiwa hai ndio waliobadilisha hadithi. Katika karne ya 17, wafalme na matajiri wa Ulaya walipenda kujaza mabwawa ya bustani zao ndege wa nchi za mbali. Charles II wa Uingereza alikuwa na mkusanyiko wa namna hiyo kwenye bustani ya St James's, London. Bata wa Misri aliingia Uingereza katika karne hiyo kama pambo. Alikuwa na sura, alikuwa na kelele, na alikuwa na asili ya kusimuliwa mezani. Baadaye alipelekwa kwenye mashamba makubwa ya wenye vyeo, hasa Norfolk, na huko akazaliana nje ya ua. Kwa zaidi ya miaka 200 hakuwa na usumbufu mkubwa kwa mtu; baridi ilimpunguza na idadi yake ikabaki ndogo. Uholanzi nako wafungwa waliotoroka walianza kuzaliana porini mwaka 1967. Kutoka hapo walienea Ubelgiji, Ujerumani na kwingineko. Leo ukipita kando ya ziwa la bustani mjini Amsterdam au Frankfurt unaweza kumkuta akila nyasi kwa kiburi kilekile cha Jipe.

Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulimwingiza bata wa Misri kwenye orodha ya viumbe vamizi wa kigeni wanaohitaji kudhibitiwa na nchi zote wanachama. Aliyeko kwenye orodha hiyo haruhusiwi kufugwa kwa uzazi, kuuzwa, kusafirishwa wala kuachiliwa, na serikali zinatakiwa kuzuia asienee. Kwa ndege aliyekwisha kuenea, kudhibiti huwa na maana ya bunduki na ya mayai kuharibiwa kiotani.

Sisemi kwamba sheria hiyo haina hoja. Bata huyu ni mgomvi kweli. Huwafukuza ndege wengine kwenye mashimo ya miti, hula ngano changa, huchafua nyasi za bustani na maji ya kuogelea. Visiwa na maziwa mengi duniani yameharibiwa na viumbe vilivyohamishwa, na sisi tunalijua hilo kuliko wengi: sangara alipoingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa lile zilipotea. Mtu anayelinda viumbe vya kwao ana haki ya kuuliza nani ameingia.

Ninachotaka tukione ni kazi inayofanywa na maneno hayo mawili, mgeni vamizi. Mvamizi huja kwa miguu yake. Bata wa Misri hakuruka kwenda Uingereza. Alinaswa, akatiwa tunduni, akapakiwa melini, akakabidhiwa kwa mfalme, akakatwa manyoya ya bawa asiondoke, akazalishwa ili apendeze. Vizazi vyake vilivyofuata vimezaliwa Norfolk na Utrecht kwa muda mrefu kuliko umri wa mataifa mengi. Orodha inamtaja yeye, na jina lake linakumbusha kila siku kwamba si wa hapo. Waliombeba hawamo kwenye jina wala kwenye orodha. Ndiyo maana jina lililotolewa kwa makosa madogo ya jiografia mwaka 1766 si jambo la kuchekesha tu. Limebaki kama hati ya kusafiria ambayo mwenyewe hakuiomba na hawezi kuirudisha.

Sasa tuteremke kwenye tope. Ndege wa pili ni mkubwa kuliko bata yeyote wa porini Afrika. Dume aliyekomaa anaweza kufikia kilo sita. Mgongo ni mweusi wenye mng'ao wa kijani ukipigwa na jua, tumbo ni jeupe, na uso wa dume ni mwekundu, hauna manyoya. Kwenye kiungo cha kila bawa ana mwiba mgumu unaochoma, na madume hupigania nao. Kwa hiyo tukimwita bata mwiba hatutamkosea. Kwa kawaida hutembea kwa makundi, hulisha asubuhi na jioni, na akishtushwa huhitaji kukimbia hatua kadhaa kabla ya kupaa, kama ndege ya mizigo.

Bata mwiba ana siri nyingine. Nyama yake wakati mwingine ina sumu, kwa sababu katika baadhi ya sehemu, Gambia ikiwemo, hula mbawakawa wa aina inayotoa kemikali ya kubabua ngozi. Yeye hadhuriki, lakini kemikali hiyo hubaki mwilini mwake na inaweza kumdhuru anayemla. Kwa bata ambaye kila mtu angependa kumtia chunguni, ni ulinzi mzuri kuliko mwiba.

Kwa nini Gambia? Anaishi Senegali, anaishi Sudan, anaishi Zambia, anaishi hapa Jipe. Jibu liko kwenye njia za meli. Mto Gambia ni mlango mpana wa kuingilia bara kutoka Atlantiki, na mataifa ya Ulaya yaliugombea mapema. Mwaka 1661 Waingereza waliteka ngome iliyokuwa kwenye kisiwa kidogo ndani ya mto huo, wakakiita James. Leo kinaitwa Kunta Kinteh. Kutoka hapo walinunua pembe za ndovu, dhahabu, nta na, zaidi na zaidi, watu. Mahali palipokuwa na ngome ndipo palipokuwa na makarani, mabaharia na manahodha wenye nafasi ya kubeba ngozi ya ndege au ndege hai kumpelekea bwana mmoja nyumbani. Majina ya viumbe vya Afrika katika vitabu vya karne ya 17 na ya 18 yamejaa Gambia, Senegali na Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu hiyo. Ni ramani ya bandari. Ndege aliyekuwa akinyoa nyasi za Jipe wakati huohuo hakuonekana na mwenye kalamu, akasubiri jina lake lifike kutoka pwani ya pili ya bara.

Tukifika kwenye maji yenye mayungiyungi, tutulie. Wa tatu ni mdogo kuliko bata wote wa porini Afrika, uzito wake haufiki hata gramu 300, yaani chini ya theluthi ya kilo. Dume ana uso mweupe, mdomo wa njano, ubavu wa rangi ya chungwa iliyoiva, na doa la kijani kibichi sikioni. Chakula chake hasa ni mbegu za mayungiyungi. Hutaga kwenye matundu ya miti na hupenda maji yaliyotulia, yenye majani yanayoelea. Watazamaji wa ndege wa Kenya wanalijua Jipe kwa sababu yake: si maziwa mengi ya nchi hiyo yanayokupa nafasi nzuri ya kumwona.

Huyu aliitwa bata bukini kwa Kiingereza kwa sababu mdomo wake ni mfupi na mnene kuelekea usoni, kama wa jamaa wakubwa. Vinginevyo ni bata wa kawaida aliyepungukiwa na kimo. Jina lake la Kilatini, lenye maana ya mwenye masikio, lilitolewa mwaka 1783 na Mholanzi Pieter Boddaert. Naye pia alifanya kazi kutoka kwenye picha, na ndege wa picha ile alikuwa ametoka Madagaska.

Hapo ndipo mambo yanapokutana. Madagaska kwa Kiswahili cha zamani ni Bukini, na watu wake ni Wabuki. Kati ya hawa watatu wa Jipe, ambaye kisayansi ana haki ya kuitwa wa Bukini ni huyu mdogo, ambaye hakuna Mswahili angemfikiria akisikia neno bata bukini. Tukilisikia tunafikiria bata mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu, anayelinda ua na kukimbiza watoto.

Bata huyo wa kufugwa ana ukoo unaojulikana. Mabata bukini wa kufugwa duniani wametokana na aina mbili za porini: mmoja wa kijivu wa Ulaya na Asia, mwingine wa Asia ya Mashariki. Hakuna aliye wa porini Afrika kusini mwa Sahara, wala Madagaska. Lakini Waswahili walipompokea hawakumwita wa Ulaya wala wa Uchina. Kamusi za zamani zinamwandika bata la Bukini, kwa kihusishi kamili, kama tunavyosema embe la Tanga. Baadaye kihusishi kikadondoka, bukini ikaanza kuandikwa kwa herufi ndogo, na vijana wa leo hulitamka neno bila kusikia kisiwa ndani yake.

Jina la namna hii husema mzigo ulionekana ukitokea upande gani, halafu linanyamaza. Kiswahili kina mengi ya aina hiyo. Mahindi yana Uhindi ndani yake, ingawa mmea wenyewe ni wa Amerika. Waingereza nao walimpa bata mzinga jina la Uturuki, ilhali Waturuki wanamwita wa India, na ndege mwenyewe ni wa Amerika vilevile. Kila mtu alitazama bahari yake na kumtaja jirani aliyesimama mwisho wa macho.

Na kwa Mswahili wa pwani, Bukini ilikuwa jirani kweli. Meli zilizozunguka rasi kwenda India zilitia nanga Madagaska kuchukua maji, mchele, ng'ombe na kuku. Majahazi yalikwenda na kurudi kati ya kisiwa hicho, Ngazija, Kilwa na Unguja yakibeba bidhaa na watumwa. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, Wabuki walivuka kwa makundi makubwa ya mitumbwi yenye mbao za ubavuni kama za ngalawa, wakashambulia Visiwa vya Ngazija na kisha pwani yetu. Mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani huko Mafia, uliangamizwa na mashambulizi hayo. Magofu yake yamesimama mpaka leo kati ya mibuyu. Mayotte wapo watu wanaozungumza Kibushi, lugha ya asili ya Kimalagasi. Unguja ipo ngoma ya kibuki, ambayo pepo wake ni wa Bukini na huja na desturi za kwao. Kwa hiyo neno moja la kufugia bata limebeba biashara, hofu, ujamaa na mizimu. Unapomwita ndege bata bukini, unataja bahari nzima bila kukusudia.

Kutoka Jipe, bahari hiyo haionekani, ingawa maji ya ziwa huishia humo kupitia Pangani. Ila majina ya mbali hayakuishia kwa mabata. Mwaka 1861 Baron Carl Claus von der Decken, Mjerumani aliyekuwa njiani kuelekea Kilimanjaro, alipita katika nchi hii ya Jipe na Taveta. Leo hondohondo mmoja wa nyika za Tsavo, mwenye mdomo mwekundu wenye ncha ya pembe ya ndovu kwa dume, anabeba jina lake katika lugha ya wanasayansi. Miaka 25 baadaye, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mipaka ya maeneo yao. Sultani wa Zanzibar akaachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi kwenda bara. Mstari wa kugawa mataifa hayo mawili ulianzia mdomo wa mto Umba, ukaenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, ukafuata upande wake wa mashariki, ukazunguka kaskazini, ukavuka Lumi na kupita kati ya Taveta na Uchagga. Jipe limeandikwa kwa jina katika makubaliano hayo. Ni mara chache ziwa dogo hivi kupewa heshima kubwa hivyo, na hakuna mvuvi aliyeulizwa.

Mstari ule ndio uliowafanya watu wa kando ya maji haya kuwa wageni wao kwa wao. Mpare wa ng'ambo moja na Mtaveta wa ng'ambo ya pili, waliouziana ndizi na samaki, walipewa bendera tofauti, kisha mwaka 1914 vita tofauti ya kupigania. Mabata waliendelea kuvuka asubuhi na jioni. Bata wa Misri akilala Kenya na kula Tanzania hakuna anayemwita mvamizi. Tofauti kati yake na ndugu yake wa Uholanzi ni kwamba huyu wa Jipe hakuwahi kubebwa na mtu.

Hatari iliyoko Jipe haina uhusiano na ugeni. Ziwa linajaa. Udongo unaotoka kwenye miteremko iliyokatwa miti huingia nalo maji ya Lumi, na matete yamesonga mbele kutoka kingoni hadi yakafunika maji yaliyokuwa wazi. Maji yanayotumika juu kwa kilimo hayafiki ziwani. Kwa bata wa Misri na bata mwiba, nyasi zaidi si msiba mkubwa. Watapata pa kulisha. Anayepoteza ni yule mdogo wa mayungiyungi. Yungiyungi halistawi ndani ya ukuta wa matete, na bata huyo bila yungiyungi hana chakula. Ziwa la nchi mbili lina walinzi wawili, na kila mmoja anaweza kumsubiri mwenzake aanze.

Tukirudi kwenye majina, kuna jambo la kuchekesha la mwisho. Kiingereza kina neno moja la bata mdogo wa kawaida na neno lingine la bata mkubwa mwenye shingo ndefu, na kiliwaingiza hawa watatu kwenye kundi la pili kwa kuangalia umbo na mdomo. Utafiti wa miili yao, na baadaye wa vinasaba, umewatoa humo. Bata wa Misri ni wa ukoo wa mabata wengine kabisa, bata mwiba yuko karibu na ukoo huohuo, na yule mdogo ni bata tu. Mabata bukini wa kweli ni wa kaskazini. Kiswahili, chenye neno moja la asili ya Kiarabu linalowameza wote, hakikuhitaji kusahihishwa. Ni lugha hiyohiyo ambayo vijana wake wamemgeuza bata kuwa kipimo cha starehe, hadi mtu anayefurahia maisha husemwa anakula bata.

Siku hizi kijana anayetembea kando ya Jipe ana programu ya ndege kwenye simu. Anapiga picha, programu inamletea jina la Kiingereza, naye analitafsiri: bata bukini wa Misri. Katika maneno manne amepita London, Uppsala, Aswan na Madagaska, na hajafika Mwanga. Programu haimdanganyi, jina hilo litamsaidia kuwasiliana na watazamaji wa dunia nzima. Lakini akimgeukia mzee anayetengeneza nyavu na kusema, "Shikamoo mzee, yule ndege anaitwaje?" anaweza kupata jibu fupi: "Marahaba. Yule ni bata." Akidhani kwamba mzee hajui, atakuwa amefunga daftari mapema mno. Jibu lile ni mlango tu. Maswali yenye faida yanafuata: Yule wa kwenye mayungiyungi mnamwitaje kwa lugha ya nyumbani? Anataga kwenye mti gani? Mayungiyungi yalikuwa yanafika wapi ulipokuwa mtoto? Na mwaka huu, mzee, umewaona wangapi?